LORI LINAONEKANA TUPU, KUMBE LIMEJAA
Somo la kusoma na hesabu: kusafirisha slabu na kuta za zege



Zamani mtu akitaka zege alilimwaga pale pale anapojenga. Siku hizi kazi nyingi zimebadilika. Slabu za vivuko na mitaro, kuta za uzio, kalavati na nguzo humwagwa kiwandani au katika karakana ya fundi mjini. Zikishakomaa hupakiwa katika lori, zikaletwa mahali pa kazi.

Utaratibu huu una faida. Mchanga, kokoto, saruji na maji hupimwa vizuri. Zege humwagiliwa maji bila kusahauliwa. Kazi ya kijijini inakwenda haraka. Lakini kati ya karakana na korongo letu kuna barabara. Katika barabara hiyo slabu huvunjika, lori huweza kupinduka, na watu hupoteza maisha. Somo la leo linahusu safari hiyo.

Labda mtu atauliza: "Sisi wakulima lori linatuhusu nini? Si kazi ya dereva hiyo?" Linatuhusu sana. Kijiji ndicho kinacholipa nauli. Kijiji ndicho kinachotoa vijana wa kupakua. Na ni sisi wenyewe tunaorukia juu ya mzigo tunapotaka lifti.

MANENO YA KUJIFUNZA

Someni maneno haya kwa sauti kabla ya kuendelea.

Zege: mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, ambao ukikomaa huwa mgumu kama jiwe.
Slabu: bamba pana la zege, kama lile linalofunika mtaro au shimo la choo.
Nondo: vyuma vinavyotiwa ndani ya zege ili kulipa nguvu.
Ekseli: chuma kinachounganisha magurudumu ya kulia na ya kushoto ya gari.
Kabari: kipande cha mbao kilichochongwa upande mmoja ukawa mwembamba, cha kuzuia kitu kisisogee.

ZEGE HUDANGANYA MACHO

Hebu tuanze na debe. Debe la lita 20 likijaa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 20. Mama anajitwika kichwani na kwenda nalo nyumbani. Sasa debe hilo hilo lijazwe zege lenye nondo. Uzito wake unafika karibu kilo 50. Ni sawa na mfuko mzima wa saruji! Debe ni lile lile, lakini uzito ni mara mbili na nusu.

Hapo ndipo macho yetu hudanganyika. Lori la tani 7 likipakia magunia ya mahindi ya kilo 100, litabeba magunia 70. Magunia 70 ni mlima. Kila mtu anaona kwamba lori limejaa. Lakini tani 7 za zege zinaweza kulala chini tu, hazifiki hata kiuno cha mtu. Wapitanjia wanasema: "Mbona lori tupu hili? Ongezeni nyingine!" Kumbe lori limekwisha kujaa zamani.

Basi kwa mzigo wa zege, msitumie macho. Tumieni hesabu.

HESABU YA UZITO

Tuchukue mfano. Kijiji kinajenga kivuko juu ya korongo ili watoto waende shule wakati wa masika. Kinahitaji slabu 5. Kila slabu ina urefu wa mita 3, upana wa mita 1, na unene wa sentimita 20. Kijiji kimekodi lori la tani 7.

Hatua ya kwanza. Geuza vipimo vyote viwe mita. Sentimita 20 ni mita 0.2.

Hatua ya pili. Zidisha urefu kwa upana kwa unene:
3 x 1 x 0.2 = 0.6
Slabu moja ina ujazo wa mita 0.6 za ujazo.

Hatua ya tatu. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa karibu kilo 2,500. Kwa hiyo:
0.6 x 2,500 = 1,500
Slabu moja ina kilo 1,500, yaani tani moja na nusu.

Hatua ya nne. Zidisha kwa idadi ya slabu:
1,500 x 5 = 7,500
Slabu tano zina kilo 7,500. Lori letu ni la kilo 7,000. Tumezidisha nusu tani.

Je, tutajuaje lori linaruhusiwa kubeba kiasi gani? Malori mengi huandikwa mlangoni au ubavuni uzito wa gari likiwa tupu, na uzito wa juu kabisa likiwa na mzigo. Kama hukuona, uliza kadi ya gari. Toa uzito wa gari tupu katika uzito wa juu. Kama lori tupu ni kilo 8,000 na uzito wa juu ni kilo 15,000, basi:
15,000 - 8,000 = 7,000
Hicho ndicho kipimo chake. Kumbukeni kwamba watu waliomo na vitu vingine vyote vinavyopakiwa navyo vina uzito.

SLABU YA TANO TUIFANYEJE?

Hapa ndipo penye kishawishi. Dereva anasema: "Nusu tani tu, itakwenda." Mhasibu wa kijiji anaona nauli ya safari ya pili. Vijana wanataka kazi iishe leo. Slabu ya tano inapandishwa.

Lakini uzito unaozidi hauonekani mpaka siku ya shida. Breki zilitengenezwa kwa uzito fulani. Kwenye mteremko mrefu breki zinazolemewa hupata moto na kupoteza nguvu. Tairi nazo hupata moto na kupasuka. Daraja dogo la miti halijui kwamba ni "nusu tani tu".

Barabara nayo inaumia. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wataalamu katika jimbo la Illinois nchini Marekani walizungusha malori yenye uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio. Walijifunza jambo la kushangaza. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kama mara kumi na sita. Ndiyo maana serikali huweka mizani barabarani. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, hata lori kubwa lenye tela halitakiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake.

Basi kamati ya kijiji ina njia tatu:
1. Kulipa safari mbili. Safari ya kwanza slabu tatu, ya pili slabu mbili.
2. Kukodi lori kubwa zaidi, kama barabara na madaraja ya njiani yanalimudu.
3. Kumwaga slabu pale pale korongoni chini ya usimamizi wa fundi, na kusafirisha saruji na nondo tu.

Kila njia ina gharama yake. Pigeni hesabu ya zote tatu kabla ya kukodi gari. Lori likishafika karakanani na injini inanguruma, hakuna anayetaka tena kupiga hesabu.

CHAKI INATUFUNDISHA

Sasa tujifunze jinsi ya kulaza slabu katika lori. Mwalimu alete chaki mbili darasani.

Shika chaki ya kwanza kwa vidole, ibonyeze toka ncha zote mbili kuelekea katikati. Haivunjiki upesi. Chukua ya pili, ikunje. Imekatika mara moja. Zege ni kama chaki. Likikandamizwa ni hodari. Likikunjwa na kuvutwa ni dhaifu. Ndiyo sababu tunatia nondo, maana chuma hakikatiki upesi kikivutwa.

Slabu ya kivuko ikishawekwa korongoni, watu hupita juu yake na tumbo lake hujipinda kuelekea chini. Upande wa chini ndio unaovutwa. Kwa hiyo fundi huweka nondo kubwa upande wa chini. Ukiipakia slabu hiyo kichwa chini miguu juu, nondo zinakuwa mahali pasipotakiwa. Shimo moja la barabarani linatosha kuipasua. Mwambieni fundi aandike neno JUU kwa rangi kwenye kila slabu. Neno hili dogo tunaweza kulisoma sote sasa.

Slabu isilazwe moja kwa moja juu ya bodi la lori. Fagieni bodi kwanza, maana mchanga hufanya mzigo uteleze. Kisha wekeni mihimili miwili ya mbao ngumu. Si mitatu, ni miwili! Mtu atasema mitatu ni imara zaidi. Lakini lori likipita mahali pabovu bodi lake hujipinda. Mhimili wa katikati ukiinuka, slabu yote hukaa juu yake kama pembea, na zege hupasuka upande wa juu.

Mihimili ikae wapi? Gawanya urefu wa slabu kwa tano. Slabu ya mita 3, yaani sentimita 300, ukigawanya kwa 5 unapata sentimita 60. Weka kila mhimili kiasi cha sentimita 60 kutoka ncha. Ukipanga slabu nyingine juu yake, weka tena vipande viwili vya mbao, sawasawa juu ya mihimili ya chini. Vipande vikipishana, slabu ya juu inaivunja ya chini.

Mzigo wote usikae nyuma kabisa. Nyuma ikilemewa, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki vizuri.

Jambo jingine ni umri wa zege. Zege hufikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28. Usikubali kupakia slabu iliyomwagwa juzi kwa sababu tu "imekauka". Kukauka si kukomaa. Mwulize fundi tarehe ya kumwaga, na uiandike katika daftari la kijiji.

SLABU HULALA, UKUTA HUSIMAMA

Kuta za zege zina namna yake. Chukua rula au ubao mwembamba. Ulaze, ukishika ncha mbili, na mwenzako abonyeze katikati. Unajikunja. Sasa usimamishe ubao huo kwa ubavu wake, mwenzako abonyeze tena. Haujikunji. Ubao ni ule ule, ila umesimama.

Ukuta wa zege ni hivyo hivyo. Ni mpana lakini mwembamba. Ukilazwa katika lori, mtikisiko wa barabara huupasua. Kwa hiyo kuta kubwa husafirishwa zikiwa zimesimama. Katikati ya lori hufungwa fremu ya chuma yenye umbo la herufi A. Kuta huegemezwa pande mbili za fremu hiyo, kulia na kushoto, zikiinama kidogo kuelekea katikati.

Nchi za Ulaya zimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, miji mingi ilikuwa magofu na watu hawakuwa na nyumba. Viwanda vikaanza kumwaga kuta nzima, zikiwa na nafasi za madirisha, na malori yakazipeleka mjini. Katika Ujerumani Mashariki ya miaka ya 1970 kulikuwa na aina moja ya nyumba iliyojengwa kwa wingi sana. Wahandisi walipanga kwamba kipande chake kizito kisizidi tani 6.3, ili kreni zao ziweze kukiinua. Mnaona? Hesabu ya uzito ilitangulia, ndipo ukuta ukamwagwa.

Hata Ukuta wa Berlin, uliogawa mji huo tangu mwaka 1961, kwa sehemu kubwa ulijengwa upya kuanzia mwaka 1975 kwa vipande vya zege vilivyomwagwa kiwandani. Kila kipande kilikuwa na kimo cha mita 3.6 na upana wa mita 1.2, na uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Malori yalivileta. Mwaka 1989 mpaka ulifunguliwa, na baadaye vipande vikang'olewa na kupakiwa tena katika malori. Ukuta ulikuja kwa lori, ukaondoka kwa lori.

KUFUNGA MZIGO

Watu husema: "Zege ni zito, litakaa lenyewe." Hilo ni kosa kubwa. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini mzigo bado unataka kwenda mbele. Mbele ya mzigo kuna kabini, na katika kabini kuna watu.

Nchini Uingereza wameweka kanuni rahisi kukumbuka. Vifungo na vizuizi vyote pamoja viweze kuzuia uzito wote wa mzigo usiende mbele, na nusu ya uzito huo usiende pembeni wala nyuma. Kwa slabu nne zenye tani 6, vizuizi vya mbele viweze kuzuia tani 6. Kamba ya katani ya kufungia magunia haiwezi. Tumieni minyororo au mikanda maalumu ya kufungia mizigo. Slabu zisukumwe hadi ziguse kizuizi imara cha mbele, na kabari zipigiliwe pembeni. Mnyororo unapopita kwenye kona ya zege, wekeni kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ili kona isimeguke na mnyororo usikatike.

Baada ya kilomita chache za kwanza, dereva asimame akague vifungo. Mbao hujikaza na minyororo hulegea.

Mwendo nao una hesabu yake. Lori likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 kwa saa mpaka 60, mwendo umeongezeka mara mbili. Lakini nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki inaongezeka kama mara nne. Mwenda pole hajikwai.

Na jambo kubwa kuliko yote: mtu asipande juu ya mzigo wa zege. Si utingo, si mjumbe wa kamati, si mama mwenye kikapu cha sokoni. Gunia la mahindi likikuangukia huenda ukapona. Slabu ya tani moja na nusu haina huruma.

KUPAKUA

Wengi hudhani safari ikifika salama hatari imekwisha. Siyo. Saa ya kupakua nayo ni saa ya hatari.

Slabu zisimwagwe kwa tipa kama mchanga. Zishushwe kwa kreni, zikishikwa kwenye vishikio vya chuma alivyoviweka fundi. Angalieni jinsi minyororo inavyokaa. Watu wawili wakibeba ndoo ya maji wakiwa karibu karibu, kazi ni nyepesi. Wakitengana mbali mikono ikanyooka, ndoo ile ile inawashinda. Minyororo nayo ikitanuka sana inalemewa na kuweza kukatika, hata kama slabu si nzito. Kwa hiyo minyororo iwe mirefu ya kutosha.

Kwa kuta kuna amri mbili.

Amri ya kwanza: usifungue mkanda wa ukuta kabla kreni haijaushika ukuta huo sawasawa. Kufungua kabla ni kujichimbia kaburi.

Amri ya pili: shusha mmoja wa kulia, kisha mmoja wa kushoto. Ukimaliza upande mmoja wote, lori huinamia upande wenye mzigo, na huweza kupinduka na kuta zake. Kabla ya kuanza, lori lisimame mahali tambarare na pagumu.

Watoto wakae mbali. Mtu asisimame kati ya ukuta na ukuta, wala chini ya kitu kinachoning'inia. Mtu mmoja tu ampe mwendesha kreni ishara. Wengine wanyamaze. Na kama kreni haikupatikana, msiseme "tutajaribu kwa mabega". Ahirisheni. Korongo litangoja mpaka kesho.

MASWALI

Andikeni majibu katika madaftari yenu.

1. Debe la zege lenye nondo lina uzito wa karibu kilo ngapi?
2. Slabu ya choo ina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10. Ina uzito gani?
3. Ukuta wa uzio una urefu wa mita 3, kimo cha mita 2 na unene wa sentimita 10. Una uzito gani?
4. Lori tupu lina kilo 8,000. Uzito wake wa juu likiwa na mzigo ni kilo 18,000. Litabeba slabu ngapi za kilo 1,500?
5. Kwa nini tunaweka mihimili miwili na si mitatu?
6. Kwa nini kuta za fremu hushushwa kwa zamu, kulia na kushoto?

JADILIANENI DARASANI

Katika kijiji chenu, nani anakagua mzigo kabla lori halijaondoka? Je, mjumbe wa kamati ana haki ya kumwambia dereva, "Punguza slabu moja"? Kama hana, nani ampe haki hiyo, na iandikwe wapi?

MAJIBU YA HESABU

1. Kilo 50.
2. 2 x 1 x 0.1 = 0.2. Kisha 0.2 x 2,500 = kilo 500.
3. 3 x 2 x 0.1 = 0.6. Kisha 0.6 x 2,500 = kilo 1,500.
4. 18,000 - 8,000 = 10,000. Slabu 6 zina kilo 9,000. Slabu 7 zina kilo 10,500, zimezidi. Jibu ni slabu 6.

Majibu ya swali la 5 na la 6 yamo ndani ya somo. Asiyeyaona arudie kusoma, kisha amweleze jirani yake asiyejua kusoma, maana huenda naye atakuwepo siku lori litakapofika.